Droni ikipoteza mawasiliano hurudi wapi? Mambo ya kujua kwa anayeanza, kutoka ufuoni hadi Nyanchwa

Nyanchwa ni kilima kilicho ukingoni mwa mji wa Kisii. Waadventista Wasabato walijenga misheni yao hapo katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, na hadi leo kanisa, shule na chuo cha ualimu vya hapo vinabeba jina la kilima. Mpiga picha wa harusi aliyepanda basi kutoka Mombasa akifika pale na begi lake mgongoni huona picha kila upande: mji uko chini yake, migomba imeshuka na miteremko, na vilima vinafuatana hadi macho yachoke. Ni hapo hapo ambapo droni iliyoruka Nyali mwaka mzima bila neno inaweza kupotea siku ya kwanza.

Droni yenyewe huwa nzima. Inafanya hasa lile ililoambiwa, na aliyeiambia alikuwa amesimama ufuoni, mahali ambapo kitu kirefu kuliko vyote ni mnazi.

Kwa vijana wengi wa pwani wanaofanya kazi ya video, droni ni mtaji. Imenunuliwa kwa zamu ya chama au kwa malipo ya harusi kadhaa yaliyowekwa pembeni, na ikipotea inakwenda na kazi za msimu mzima. Wauzaji nao husema neno moja la kumtuliza mteja: "Usijali, hii inarudi yenyewe." Ni kweli, inarudi. Swali ni inarudi wapi, inapita njia gani, na nani aliyeiambia hivyo.

Kinga zenyewe

Zamani kidogo, mtu aliyetaka kurusha droni aliiunganisha mwenyewe vipande kwa vipande, na mawasiliano yakikatika ilikuwa basi. Mambo yalibadilika kampuni ya DJI ilipotoa Phantom ya kwanza mwezi Januari 2013: droni ya dukani, tayari kuruka, yenye GPS na uwezo wa kurudi yenyewe ilikoondokea. Tangu hapo uwezo huo umekuwa jambo la kawaida, na kwenye rimoti na kwenye skrini huandikwa kwa herufi tatu, RTH. Hapa tutauita kurudi nyumbani.

Droni hurudi nyumbani kwa sababu tatu. Ya kwanza ni wewe mwenyewe kubonyeza kitufe. Ya pili ni mawasiliano kati ya rimoti na droni kukatika: ikikaa sekunde chache bila kusikia kitu, inahesabu kuwa imeachwa na inaanza safari. Ya tatu ni betri. Droni inapiga hesabu kila wakati ya chaji inayohitajika kutoka ilipo hadi ilipoondoka, na ikiona chaji iliyobaki inatosha safari hiyo tu, inakuonya kwenye skrini na kuanza kuhesabu sekunde. Usipoizuia, inarudi.

Kuna hatua ya nne ambayo wanaoanza hawaijui mpaka iwapate. Ukizuia onyo la betri na kuendelea kupiga picha, hufika wakati ambapo chaji iliyobaki inatosha kushuka tu. Hapo droni inaanza kutua yenyewe pale pale ilipo, iwe juu ya paa, juu ya mto au katikati ya barabara. Kushuka huko huwezi kukufuta. Unachoweza ni kusukuma vijiti vya rimoti ili kuisogeza pembeni inaposhuka, na wengi hawafanyi hivyo kwa sababu wamepigwa na bumbuwazi.

Yote haya yanahusu droni zenye GPS. Zile ndogo za sanduku zinazouzwa kama vifaa vya watoto, hata zikiwa na kamera, mara nyingi hazina GPS wala kumbukumbu ya zilikotoka. Mawasiliano yakikatika, nyingine hutua, nyingine huzima, nyingine huchukuliwa na upepo. Kama sanduku halitaji GPS, usiipeleke mbali na mkono wako.

Nyumbani ni wapi

Neno nyumbani linapotosha. Droni haijui gari lako lilipo wala hoteli uliyoshukia. Inajua nukta moja tu kwenye ramani, ile iliyoandikwa siku hiyo baada ya GPS kupata setilaiti za kutosha. Droni nyingi hutamka au huandika kwenye skrini kwamba alama ya nyumbani imewekwa. Kabla ya hapo, usiondoke chini.

Hapa ndipo haraka inapoponza watu. Maarusi wametoka kanisani, mwenye shughuli anapiga kelele, na mrushaji anawasha na kuinua mara moja. Droni inaruka bila alama, au inaiweka ikiwa tayari hewani, juu ya paa la jirani. Baadaye mawasiliano yakikatika, itarudi kwa uaminifu wote hadi juu ya paa hilo. Dakika moja ya kusubiri haijawahi kuharibu harusi yoyote.

Vyuma navyo vina fitina yao. Ndani ya droni kuna dira ya kielektroniki, na dira hiyo huvurugwa na nondo zilizo ndani ya zege, magari, mabati na spika kubwa za muziki. Ukiirusha kutoka juu ya boneti ya gari au kwenye dari la ghorofa, inaweza kujua ilipo lakini ikakosea inakoelekea, na droni iliyokosea mwelekeo huzunguka kama kuku aliyekatwa kichwa, kisha inakwenda kusiko. Ikikuomba urekebishe dira baada ya kusafiri kutoka pwani hadi bara, fanya hivyo, kwenye majani, mbali na magari.

Kimo cha kurudi, na hesabu ya Nyanchwa

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. Droni ikianza kurudi, haipiti njia iliyokuja nayo. Kwa kawaida hupanda kwanza hadi kimo kilichowekwa kwenye mipangilio, kisha hunyoosha moja kwa moja hadi juu ya alama ya nyumbani, halafu hushuka. Kama tayari iko juu kuliko kimo hicho, hunyoosha tu hapo hapo ilipo. Kimo hicho kwenye Phantom 4 kilitoka kiwandani kikiwa mita 30. Nyali au Shanzu, kama hakuna ghorofa karibu, mita 30 zinapita juu ya minazi mingi, na kwa hiyo mtu anaweza kuruka mwaka mzima asiwahi kufungua ukurasa huo wa mipangilio.

Jambo la kushika ni kwamba mita hizo zinahesabiwa kutoka pale droni ilipoondoka. Ardhi iliyo chini yake wakati huo haimo kwenye hesabu. Ufuoni tofauti haionekani, kwa kuwa ardhi yote iko sawa. Kisii tofauti hiyo ndiyo kila kitu.

Tuchukue mfano. Umesimama kwenye uwanja ulio chini ya kilima, na harusi iko kwenye boma upande wa pili wa mgongo wa kilima hicho. Tuseme mgongo huo uko mita 70 juu ya uwanja wako, na juu yake kuna mikaratusi ya mita 30. Umeipeleka droni juu ya mgongo, ukaishusha upande wa pili kufuata hema na watu, na skrini inasema mita 50. Kilima sasa kiko kati yako na droni. Mawimbi ya rimoti hayapenyi kilima, picha inaganda, mawasiliano yanakatika. Droni inangoja sekunde zake, inaona iko mita 50 ilhali kimo cha kurudi ni 30, inaridhika kwamba iko juu vya kutosha, na inanyoosha kurudi kwako. Mbele yake kuna mita 20 za udongo na mita 30 za mikaratusi. Kinga imefanya kazi yake sawasawa, na droni imejipiga kwenye kilima.

Ukiwa umeweka kimo cha mita 120, ingepanda hadi hapo, ikapita mita 20 juu ya vilele vya miti, na pengine ingepata tena mawasiliano ikiwa bado inapanda, maana ikichomoza tu juu ya mgongo rimoti inaiona. Kwa hiyo kanuni ya kuweka kimo ni rahisi: tazama kitu kirefu kuliko vyote kati yako na kila mahali unakokwenda, hesabu urefu wake kutoka ulipo wewe, ongeza angalau mita 20. Mlingoti wa simu juu ya kilima uingize kwenye hesabu, pamoja na waya zinazoushikilia.

Lakini kuna ushauri ulio bora kuliko huo, nao ni kuhama. Panda kilima. Ukirushia juu, unaona pande zote mbili, mawimbi hayana kizuizi, na kimo cha kurudi kinahesabiwa kutoka mahali palipo juu tayari. Wengi hukwepa kupanda kwa sababu ya uvivu tu wa kubeba vifaa, na uvivu huo ni ghali.

Kurushia juu nako kuna mambo yake mawili. Ukiishusha bondeni, skrini itaonyesha mita za chini ya sifuri. Usishtuke, lakini kumbuka safari ya kurudi sasa ni ya kupanda, na kupanda hula betri kuliko kusafiri tambarare. La pili ni la kisheria. Kanuni za Kenya zinaruhusu futi 400, takriban mita 120, juu ya ardhi. Ukisimama juu ya kilima na kuipeleka droni mita 100 mbele juu ya bonde lenye kina cha mita 150, skrini inasema 100 na wewe unajiona uko ndani ya sheria, kumbe iko mita 250 juu ya ardhi. Droni haijui. Huko juu ndiko zinakopita helikopta, na msimu wa siasa na wa harusi kubwa kubwa, anga la Kisii haliko tupu.

Hewa yenyewe nayo ni nyingine. Mji wa Kisii uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Mombasa. Propela zinazunguka kwa kasi zaidi ili kubeba uzito ule ule. Ukizoea dakika fulani za kuruka ufuoni, punguza. Tena mvua za Kisii zina tabia ya kuja alasiri, na droni za kawaida hazikuundwa kunyeshewa. Shughuli ikipangwa saa tisa mchana, picha za juu zipige asubuhi.

Baharini nyumbani huhama

Kosa la Nyanchwa lina pacha wake huku kwetu. Mtu yuko ndani ya mashua, anapiga picha za mashindano ya jahazi Lamu au za watalii Wasini. Anarushia juu ya sitaha. Alama ya nyumbani inaandikwa pale, juu ya maji, kwenye nukta moja ya ramani. Mashua inaendelea na safari, au mkondo unaisukuma. Dakika kumi baadaye betri inaonya, droni inarudi nyumbani, na nyumbani ni maji matupu.

Droni nyingi huruhusu alama hiyo ihamishiwe mahali rimoti ilipo, na baadhi zinaweza kuihamisha zenyewe kadiri chombo kinavyosogea. Ifanye kazi hiyo kila baada ya muda mfupi, au zima kabisa wazo la kurudi yenyewe na uwe tayari kuipokea kwa mkono. Kwenye mipangilio kuna chaguo la nini kifanyike mawasiliano yakikatika: irudi, isimame hewani, au itue. Kwenye chombo kinachotembea, kusimama hewani kunakupa nafasi ya kuifuata. Kutua baharini hakuna maana yoyote. Ukifika bara ukumbuke kurudisha chaguo lako, la sivyo droni iliyokatika mawasiliano nyuma ya kilima cha Nyanchwa itasimama hewani ikingoja mpaka betri iishe.

Kamera za chini ya droni, zinazoisaidia kutulia karibu na ardhi, nazo hudanganywa na maji. Mawimbi yanasogea, zinadhani droni ndiyo inayosogea. Usiruke chini sana juu ya bahari ukitegemea itulie yenyewe.

Upepo: hapa mabaharia wametutangulia

Hesabu ya betri inayofanywa na droni nyingi huchukulia kwamba safari ya kurudi itakuwa kama ya kwenda. Upepo hauheshimu hesabu hiyo. Chukua DJI Mini 2, iliyotoka Novemba 2020 na ambayo bado iko mikononi mwa vijana wengi. Ina uzito chini ya gramu 250. Kiwanda kinasema inahimili upepo wa hadi mita 10.5 kwa sekunde, na mwendo wake wa juu katika hali ya kawaida ni mita 10 kwa sekunde. Weka namba hizo mbili pamoja. Upepo wa mita 10 kwa sekunde ukiwa usoni mwake, inapiga mapanga kwa nguvu zote na haiendi popote, na betri inakwisha ikiwa imesimama hewani kama mwewe.

Nahodha yeyote wa jahazi angekuambia la kufanya. Anza safari kwa upande wa joshi, unakotoka upepo, ili kurudi kuwe kwa kusukumwa. Ukianza kwa kwenda na upepo, unafurahia mwendo, kisha unalipa wakati wa kurudi na betri imebaki nusu. Msimu wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, upepo wa pwani ni mkali na wa kudumu, na mwanafunzi wa droni afadhali ajifunze asubuhi mapema. Vilimani upepo una hila nyingine: bondeni kumetulia, lakini ukipanda juu ya mgongo unakutana na upepo ambao hukuuhisi uliposimama. Kwa hiyo droni inayorudi nyumbani kwa kupanda kwanza inaweza kupanda na kuingia moja kwa moja kwenye upepo mkali.

Ikikwama hivyo na bado una mawasiliano, futa kurudi, ishushe mpaka kimo cha chini kilicho salama, maana chini upepo hupungua, kisha irudishe kwa mkono. Hali ya mwendo kasi inaongeza nguvu, lakini kwenye droni za DJI hali hiyo huzima vihisi vya kukwepa vizuizi. Jua unachobadilisha na nini.

Kuhusu betri, kiwanda cha Mini 2 kinataja dakika 31, lakini hizo hupimwa pasipo upepo. Mwenye busara hupanga chini ya hapo na kuanza kurudi ikibaki thuluthi. Betri iliyovimba haifai hata kwa jaribio la dakika mbili, kwa sababu asilimia inayoonyeshwa kwenye skrini inaweza kuporomoka ghafla, na kinga zote zinaamini asilimia hiyo.

Vihisi vya kukwepa

Kuanzia Phantom 4 ya mwaka 2016, droni za kawaida zilianza kuona zilizo mbele yake na kusimama. Mini 4 Pro ya 2023 inaona pande zote. Mini 2 haina kitu hicho. Ina vihisi vya chini tu. Hata zenye vihisi hazioni vizuri gizani, na waya wa umeme au tawi jembamba lisilo na majani linaweza kuzipita. Mtu anayenunua iliyotumika aulize swali hili kabla ya kuuliza bei.

Ujasiri wa kuiacha

Wanaoanza hupoteza droni kwa namna moja ya ajabu: kwa kuiokoa. Inaanza kurudi yenyewe, inapanda, mrushaji haioni tena, anaogopa, anabonyeza kitufe na kufuta. Sasa iko mikononi mwake, juu sana, hajui imeelekea wapi, na anasukuma kijiti mbele akidhani anaileta karibu. Kama kimo ulikipanga vizuri na alama ya nyumbani iko sahihi, iache. Tazama namba ya umbali kwenye skrini. Ikipungua, inakuja. Sababu za kuingilia ni chache: upepo umeishinda, kuna kizuizi unachokiona wewe ambacho yenyewe haikioni, au pale inapotua watu wamejaa.

Hili la mwisho hutokea sana kwenye shughuli. Uliporushia palikuwa wazi. Nusu saa baadaye ni uwanja wa kucheza, na watoto ndio wa kwanza kukimbilia chini ya kitu kinachoshuka. Propela ndogo hukata vidole na macho. Weka mtu mmoja wa kulinda pale, na mweleze kazi yake mapema.

Wanaofanya kazi kubwa hufanyaje

Zanzibar kuanzia 2016, mradi wa kuchora ramani ya visiwa kwa droni uliwafundisha vijana wa huko, wakiwamo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kurusha eBee, droni zenye mabawa zinazotupwa kwa mkono na kutua kwa tumbo. Droni ya namna hiyo hubeba safari yake yote kutoka ardhini: njia, vimo, mahali pa kutua na la kufanya ikipoteza mawasiliano. Rubani akikosea kupanga, hakuna kijiti cha kumwokoa, kwa hiyo muda mwingi unakwenda kwenye kupanga. Zipline, kampuni iliyoanza kupeleka damu hospitalini nchini Rwanda mwezi Oktoba 2016 na ambayo ina kituo Chemelil, Kaunti ya Kisumu, huweka parachuti ndani ya ndege zake. Mambo yakiharibika kabisa, inafunguka na ndege inashuka taratibu. Na wanafunzi wanaounda droni wenyewe kwa programu huria ya ArduPilot wajue kwamba kimo cha kurudi cha droni zake za propela huanza kikiwa mita 15 tu. Hiyo haipiti hata mnazi mrefu wa kwetu, seuze mkaratusi wa Kisii.

Sheria kwa ufupi

Droni nchini Kenya ziko chini ya kanuni za mwaka 2020 zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA. Droni lazima isajiliwe, na kuingiza nchini bila kibali ni kuipa forodha zawadi. Anayefanya biashara anahitaji leseni ya rubani na cheti cha uendeshaji. Kaa mita 50 kutoka kwa watu na majengo yasiyo chini yako, na usikaribie viwanja vya ndege bila idhini: kilomita 10 kwa vikubwa, 7 kwa vidogo. Pima umbali huo kwenye ramani kutoka uwanja wa Moi na utaona ni sehemu kubwa kiasi gani ya Mombasa imeingia ndani. Ukiwa Nyanchwa, pima hadi uwanja mdogo wa Suneka. Programu ya simu ikikuruhusu kuruka, hiyo si ruhusa ya KCAA.

Jaribu kabla hujaihitaji

Siku moja kabla ya kazi, tafuta uwanja ulio wazi. Weka kimo, ngoja alama ya nyumbani, ipeleke mita 60 hivi, kisha bonyeza kitufe cha kurudi na usiguse kitu. Tazama inavyopanda, inavyogeuka, inavyotua, na imekosea mita ngapi. Fanya tena ukiifuta katikati, ili vidole vijue. Wapo wanaoshauri uzime rimoti kabisa ili kujaribu kukatika kwa mawasiliano. Kwa anayeanza sioni haja, kwa sababu kitufe kinaonyesha njia ile ile na unabaki na uwezo wa kuizuia.

Andika nambari ya simu kwenye mwili wa droni, kwa wino usiofutika. Na ikipotea hata hivyo, usizime simu wala programu. Nukta ya mwisho iliyopokelewa hubaki kwenye ramani. Ipige picha ya skrini mara moja. Nenda na mwenyeji, na mfike kwanza kwa mwenye boma kabla ya kuingia shambani, kwani mgeni anayezunguka kwenye migomba ya mtu akiangalia juu hueleweka vibaya haraka. Droni nyingi zinaweza kulia na kuwasha taa ukizibonyeza kutoka kwenye simu, mradi betri ina chochote na uko karibu vya kutosha. Kwa hiyo twende leo hii, kabla ya mvua ya alasiri.